Sonda chini ya bato: mahali inapookoa na mahali inapoweza kuzamisha

Kila mara bato inapozama mu maziwa ya mashariki ya Kongo, maneno yanayofuata ni yale yale: ilipakia kupita kipimo, ilisafiri usiku, abiria hawakuvaa jile za kuokoa. Kisha kunatoka swali lingine: mabato yetu yatapata lini vyombo vya kisasa? Kati ya vyombo hivyo kuna kimoja kidogo ambacho bei yake imeshuka sana: sonda, kifaa cha kupima kina cha maji. Mwenye bato wa Kilwa, Pweto ao Bukama anaweza kukiagiza kwa kupitia Lubumbashi, sawa vile anavyoagiza simu. Lakini aina ile ambayo mafundi wengi wanaisifu inaomba jambo ambalo kila mtu wa maji analiogopa: kutoboa tundu chini ya bato.

Je, faida inalingana na hatari? Jibu linategemea ni maji gani, ni bato gani, na ni nani aliyeshika mashine ya kutoboa. Kwa ufupi: sonda inasaidia kweli pale kina ni kifupi na mchanga unahama. Mbele ya mzigo uliopita kipimo haifanyi kitu. Na ile ya kutoboa, ikifungwa na mtu asiyeijua kazi, inaleta hatari mpya mu bato iliyokuwa nzima.

Muji usio na bandari, lakini unaokula ziwa

Lubumbashi iko mbali na ziwa kubwa. Kasenga, ku mto Luapula, iko zaidi ya kilometre 200. Hata hivyo muji huu umekula samaki ya maji yale tangu ulipokuwa mdogo. Wakati wa ukoloni, wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakavua na kununua samaki ya Luapula na ya ziwa Mweru, wakaituma na barafu mpaka Elisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Samaki kubwa ilipopunguka, chisense ndogo ya kukausha ikashika nafasi. Leo mama anayepima chisense mu soko ya Kenya anauza kitu ambacho, kabla ya kupanda lori, kilibebwa na mtumbwi ao bato ya mbao.

Upande wa pili kuna reli. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918. Ni pale Bukama mto Lualaba unaanza kupitisha mabato makubwa, na njia ile ya maji inaendelea karibu kilometre 640 mpaka Kongolo. SNCC, kampuni ya serkali iliyorithi reli hizo pamoja na usafiri wa mabato ku ziwa Tanganyika, iko na makao makuu hapa Lubumbashi. Kwa hiyo habari ya bato haiko mbali na watu wa hapa. Pesa ya bato nyingi, motere zake, misumari na rangi yake vinatoka mu magazini za muji huu. Sonda nayo itapita njia ile ile.

Maziwa haya hayafanani

Kabla ya kununua kifaa cha kupima kina, mtu aulize kwanza: kina cha maji yangu ni kipi?

Ziwa Mweru, ile vitabu vya Kifaransa vinaita Moero, ni pana lakini halina kina kirefu. Mahali pake pa kina kupita pote hapafiki metre 30, na sehemu kubwa ya kusini, pale Luapula inapoingilia kati ya matete na mapori ya maji, ni metre chache tu. Bato iliyopakia inaweza kugusa chini ikiwa bado mbali na pwani. Lualaba kati ya Bukama na Kongolo ni hivyo hivyo: mto unapita mu bonde la Upemba na ziwa Kisale, unabeba mchanga, unaumwaga hapa leo na pale mwaka ujao. Njia iliyokuwa nzuri mu wakati wa mvua inaweza kufungwa mu wakati wa jua.

Ziwa Tanganyika ni kitu kingine kabisa. Kina chake kinafika metre 1 470. Mu dunia nzima ni Baikal tu ya Urusi inayolipita. Ziwa Kivu nalo linakaribia metre 480. Mu maziwa hayo mawili, katikati ya safari hakuna mchanga wa kugonga. Hatari ya kugusa chini inakuwa karibu na pwani, ku mlango wa mto na mu bandari.

Tofauti hii ina maana kubwa tukiangalia ajali zilizoumiza watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mu ziwa Kivu, karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278, na siku ile ile alitangaza vifo 78 kwa uchache. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Minova–Goma, watu wakakimbilia maji. Mu Desemba 2014, MV Mutambala ilizama ku Tanganyika, upande wa Kalemie. Viongozi walihesabu vifo 129. Nayo ilisemwa kuwa ilipakia kupita kipimo.

Mu ajali hizo mbili, sonda ingeonyesha nini? Ingeonyesha kwamba maji ni marefu, basi. Haihesabu watu, haipimi magunia, haioni upepo. Mtu anayesema sonda ndiyo dawa ya ajali za Kivu na Tanganyika anauza dawa ya kichwa kwa mgonjwa wa tumbo. Mahali pa sonda ni Mweru, Luapula, Lualaba, mapori ya Upemba, na milango ya bandari. Huko njo bato inapanda juu ya mchanga, elise inavunjika, mbao za chini zinafunguka, na abiria wanakaa katikati ya maji mpaka giza linaingia.

Sauti inayoenda na kurudi

Sonda iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ekrani, inayokaa mbele ya kapiteni. Ya pili ni kichwa cha sonda, kipande kidogo kinachogusa maji na kuunganishwa na ekrani kwa kable. Kichwa kinatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inashuka, inagonga chini, inarudi. Ekrani inahesabu muda uliopita na kuugeuza kuwa metre.

Mu maji yenye joto ya huku, sauti inakimbia karibu metre 1 500 kwa segonde moja. Kama chini iko ku metre 10, sauti inakwenda na kurudi kwa sehemu 13 tu za elfu za segonde. Mahali pa kina kirefu kabisa pa Tanganyika, safari hiyo ingechukua karibu segonde mbili. Kwa sababu hiyo, kifaa kidogo cha mvuvi kinafanya kazi nzuri Mweru lakini kinapoteza chini mara moja kikiwa katikati ya Tanganyika. Sauti ya juu, ya kilohertz 200, inaonyesha vizuri maji ya kina kifupi. Ya chini, ya kilohertz 50, inafika mbali zaidi lakini haionyeshi mambo madogo vizuri. Kwa Mweru na Lualaba, ile ya 200 inatosha.

Kabla ya sonda, watu walitumia mti mrefu. Mpaka leo mu mito ya Kongo kijana anasimama mbele ya bato, anachoma maji na mti, anapiga kelele ya kipimo kwa kapiteni. Njia hiyo ni ya akili na haiombi batri. Ila mti wa metre 4 unaishia ku metre 4, na mkono wa kijana unachoka. Sonda haiondoi mti ule; inafanya kazi kabla maji hayajafika ku kipimo cha mti.

Njia tatu za kuifunga

Kichwa cha sonda kinaweza kuwekwa kwa namna tatu ambazo zinafaa mabato ya huku.

Ya kwanza ni ku mti ao bomba la chuma linalofungwa pembeni ya bato kwa kamba ao kwa buloni, kichwa kikiwa chini ya maji. Haina tundu. Bato inapokaribia pwani, mti unainuliwa. Ubaya wake ni kwamba ikigonga kitu inapinda, na bato ikienda mbio mapovu yanaharibu kipimo. Lakini bato ya mbao iliyopakia mzigo haiendi mbio.

Ya pili ni ku ukuta wa nyuma wa bato, pembeni ya motere. Kichwa kinafungwa na visi fupi juu ya ubao mdogo. Vitundu vya visi ni vidogo na vinazibwa kwa urahisi. Ubaya: elise iko karibu, na maji yake yenye mapovu yanaweza kufunika sauti.

Ya tatu ni ile ya kutoboa chini. Kichwa kinapita ndani ya tumbo la bato, kinakaza na ekru upande wa ndani, na uso wake unaangalia maji. Hapo kinakaa mu maji safi, mbele ya elise, kinalindwa na mawimbi, hakifungui wala hakifungwi kila siku. Kwa bato kubwa inayofunga ku bandari, ndiyo njia ya kudumu.

Kuna njia nyingine inayosifiwa kwa mabato ya plastiki ngumu, ile ya fibra: kichwa kinabandikwa ndani na gundi, sauti inapita mu fibra bila kutoboa. Lakini mbao na chuma vinazuia sauti hiyo. Kwa bato nyingi za Mweru, ambazo ni za mbao, njia hiyo haiwezekani. Mtu asidanganywe na muuzaji.

Kuna swali moja ambalo vitabu vya fabriki haviulizi, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya mabato yanayolala mu bandari: bato yako inalala wapi usiku? Ku pwani nyingi za Mweru na Luapula, bato inapandishwa juu ya mchanga, inasukumwa na kuvutwa. Kichwa kinachotokea chini kinakuwa kitu cha kwanza kugonga. Kikigongwa mara kumi, ishirini, ekru inalegea na gundi inafunguka. Kwa bato ya namna hiyo, mti wa pembeni ndio mzuri, hata kama haupendezi macho.

Tundu la santimetre 5

Turudi ku tundu. Kichwa cha kawaida cha kutoboa kinaomba tundu la kipimo cha karibu milimetre 50 ao zaidi. Watu wengi wanaona ni dogo. Hesabu inasema kingine. Kama tundu la milimetre 50 liko nusu metre chini ya maji na kichwa kimetoka, maji yanaingia karibu litre 220 kwa dakika. Ni bidoni 11 za litre 20 kila dakika moja. Matelo wawili wenye ndoo hawawezi kushindana na hiyo kwa muda mrefu, tena wakiwa na magunia na abiria juu ya mahali penyewe.

Kwa hiyo kazi hii haina nafasi ya “tutaona mbele”. Mafundi wanaoijua wanafuata mambo haya.

Bato inatolewa mu maji na kukaushwa. Mahali panachaguliwa mbele ya elise, pale maji yanapita bila mapovu, si nyuma ya ubao uliotokea ao ya bomba. Upande wa ndani lazima mkono ufike. Tundu ambalo haliwezi kuangaliwa wakati wa safari halifai. Fundi hatoboi juu ya uti wa katikati wala mahali mbao mbili zinaungana. Anatoboa kwanza tundu dogo la kuongoza, anaangalia pande zote mbili, kisha analipanua na msumeno wa mviringo wa kipimo chenyewe. Tundu la kuchongwa na kisu ao na chuma cha moto halilingani, na gundi haitalishika.

Kama chini ya bato imeinama, kunachongwa kipande cha kusawazisha ili uso wa kichwa uangalie chini moja kwa moja. Kichwa kilichoinama kinatuma sauti pembeni, na sauti inayorudi ni ndogo ao ni ya uongo.

Kisha kuna jambo la chuma gani. Hapa mtu wa Katanga asihitaji kufundishwa sana, maana muji wake umejengwa na shaba. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Kwa bato ya mbao, kichwa cha bronzi ndicho kinachofaa. Kichwa cha plastiki hakifai ku mbao, juu ya sababu nyepesi: mbao ikinywa maji inavimba, inabana plastiki mpaka inapasuka. Plastiki ni ya bato ya fibra.

Kwa bato ya chuma, mambo yanageuka. Bronzi na chuma vikigusana mu maji vinafanya kazi kama batri: umeme mdogo unapita, na ni chuma kinacholiwa. Bato inaanza kuoza pembeni ya tundu, polepole, mahali pasipoonekana. Huko kunahitajika kichwa cha inoksi, tena kikiwa kimetenganishwa na chuma cha bato kwa kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bato ya aluminiyumu nayo haipokei bronzi.

Gundi ya kuziba ni ile ya bato, ya poliyuretani, inayokaa chini ya maji. Silikoni ya madirisha na ya bafu, ile inayouzwa mu kila kinkayeri, haikutengenezwa kwa kazi hii. Mu mbao, kuta za tundu zinapakwa kwanza epoksi ao rangi ya maji ili mbao isianze kuoza ndani. Upande wa ndani kunawekwa kipande cha mbao ngumu cha kushikilia ekru. Ekru inakazwa kwa mkono, kisha kidogo tu na ufunguo. Kukaza sana kunafukuza gundi yote nje, na mbao ikivimba kitu kinapasuka. Kable haikatwi hata kama ni ndefu. Inakunjwa na kufungwa mbali na nyaya za motere.

Baada ya gundi kukauka kwa muda ulioandikwa ku chupa yake, bato inashushwa. Mtu anabaki anaangalia tundu kwa masaa ya kwanza. Mu siku za kwanza haiachwi peke yake usiku, maana tone dogo la jioni linaweza kuwa maji ya magoti asubuhi. Na ku kila tundu, hapo hapo kando, kunafungwa kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kama karoti. Kichwa kikitoka mu safari, kizibo kinapigwa ndani na nyundo. Kitu hicho hakina bei, na kinaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kutofika.

Ekrani inaweza kudanganya

Sonda ikiwa imefungwa vizuri, bado kapiteni lazima ajue kuisoma. Kuna makosa matatu yanayoweza kumpeleka ku mchanga huku anaangalia namba nzuri.

Kosa la kwanza: kusahau kwamba kifaa kinapima tangu kichwa chake, si tangu juu ya maji wala tangu sehemu ya chini ya bato. Tuseme kichwa kiko santimetre 40 chini ya maji, na ncha ya elise iko santimetre 90. Ekrani ikiandika metre 0,6, maji yote ni metre 1. Elise imebakisha santimetre 10 tu. Kifaa kinaruhusu kuingiza tofauti hiyo ili kisome tangu elise. Inafanywa mara moja tu, siku ya kufunga, na kipimo kinathibitishwa na mti.

Kosa la pili: kufikiri kwamba sonda inaona mbele. Inaona chini tu, pale bato imekwisha kufika. Ku mwendo wa kilometre 12 kwa saa, bato inapita zaidi ya metre 3 kila segonde. Kwa hiyo namba moja haina maana. Kinachosema kweli ni namna namba zinavyofuatana. Ikiwa ni 4,0, kisha 3,1, kisha 2,3, motere inapunguzwa pale pale, hata kama 2,3 bado inatosha. Kati ya mwaka 2020 na 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kufunika nyumba na kuta za pwani Kalemie na Uvira. Ukuta uliosimama chini ya maji hautangazwi na sonda mpaka bato iwe juu yake. Huko macho na mwenyeji wa pale bado vina kazi.

Kosa la tatu: kuamini kila sauti inayorudi. Majani mazito ya chini ya maji yanaweza kuonekana kama chini. Matope laini yanameza sauti, na chini inapotea ku ekrani. Mapovu ya wimbi ao ya bato nyingine yanafunika kila kitu. Na kifaa kikipoteza chini, vingine vinaendelea kuonyesha namba ya mwisho, ikiwaka na kuzimika. Kapiteni asiyejua hivyo anasafiri na kipimo cha dakika tano zilizopita.

Bei na kipi cha kununua kwanza

Kifaa kidogo cha ekrani na kichwa cha nyuma kinapatikana ku masoko ya nje kwa kitu kama dola 100 mpaka 200, kabla ya usafiri na dwani. Kichwa cha bronzi cha kutoboa, peke yake, kinaweza kupita bei hiyo. Ongeza gundi, fundi, siku bato haifanyi kazi.

Jile za kuokoa nazo zinaomba pesa, na mwenye bato iko na mfuko mmoja. Hapo uchaguzi unakuwa wa kweli. Bato inayobeba watu 40 ikiwa na sonda ya bronzi lakini jile 10, imepanga mambo kichwa chini. Utaratibu wenye akili ni huu: jile kwa kila mtu, alama ya mzigo ku ubavu wa bato na kuiheshimu, pampu ao ndoo za kutosha, taa, kisha sonda. Na sonda ya kwanza iwe ile isiyoomba tundu.

Nani anaangalia?

Mu Kongo, kazi ya kupima, kuweka alama na kuchimba mchanga mu njia za maji ya ndani ni ya Régie des Voies Fluviales, RVF. Mabato yenyewe yanaangaliwa na komiseria ya ziwa ao ya mto, ile inayotoa ruhusa ya kusafiri. Baada ya kila ajali viongozi wanarudilia amri: hakuna safari ya usiku, hakuna abiria bila jile. Amri hizo ni nzuri pale zinafuatwa. Lakini kontrole ya ku pwani inaangalia juu ya bato: karatasi, watu, mizigo. Tundu liko chini, nyuma ya mbao za sakafu na magunia.

Kama sonda za kutoboa zitaanza kuenea, kontrole lazima ishuke huko. Si jambo la pesa mingi. Mkaguzi anaomba ubao wa sakafu uinuliwe, anaangalia kama pamekauka, anagusa ekru, anauliza kizibo kiko wapi. Na bato iliyotobolewa ioneshwe kabla ya kupakia watu, si kisha.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi. Ziwa Mweru lilipimwa na misheni ya Mbelgiji Louis Stappers kati ya mwaka 1911 na 1913. Ramani kubwa ya kina cha Tanganyika, ya André Capart, ilichapishwa mwaka 1949. Tangu hapo mchanga umehama na maji yamepanda na kushuka. Kila sonda inayosafiri Kilwa–Pweto ao Bukama–Kabalo inapima njia upya kila siku, kisha namba zinapotea mu hewa. Kapiteni akiandika mu daftari tarehe, mahali na kina, na mashirika ya wenye mabato yakikusanya daftari hizo, RVF na wasafiri wote wangekuwa na kitu ambacho hakipo leo: habari ya mchanga wa mwaka huu, si wa babu zetu.

Lakini daftari hilo linaweza kuandikwa na sonda ya mti wa pembeni sawa na ya bronzi. Kwa bato ya mbao inayopanda pwani ya mchanga, na hizo ndizo nyingi za Mweru na Luapula, hakuna sababu ya nguvu ya kutoboa leo. Kwa bato kubwa ya Lualaba ao ya Tanganyika inayofunga ku bandari, tundu linaweza kukubalika, mradi fundi anajua, chuma kinalingana, na mtu anaangalia.

Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda. Maswali ni manne: tuko wangapi na bato hii inabeba wangapi, jile yangu iko wapi, chini ya bato kuna tundu, na kama liko, kizibo kiko wapi? Kapiteni mzuri atajibu yote manne bila kukasirika.